Vitabu vya fedha vinapingana: kikundi chetu cha walimu kisome nini?

*"Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Singida. Tuko walimu saba tuliounda kikundi cha kusoma. Kila mwisho wa mwezi mmoja wetu huleta kitabu cha fedha anachokipenda, tunakijadili. Tumeshasoma vinne, vyote vya Wamarekani, na sasa tumechanganyikiwa. Kimoja kinasema deni ni sumu, kingine kinasema matajiri hutumia pesa za watu wengine. Kimoja kinataka tuweke sehemu ya kumi ya kipato, na mimi baada ya makato yote, ya bodi ya mikopo yakiwemo, nabaki na kama laki tano na nusu. Mwenzetu mmoja alisoma habari za 'deni zuri' akakopa akanunua bodaboda. Mimi nami nimepewa fomu ya mkopo wa milioni tatu kwa miezi 24, riba asilimia 18 kwa mwaka, nianzishe mradi wa kuku. Mwezi ujao ni zamu yangu kuleta kitabu. Nipeleke kipi kitakachotufaa watu wa hapa? Na je, mkopo huu ni 'deni zuri'?"*

Mwalimu, hongereni kwanza. Watu saba wanaokaa chini kila mwezi kuzungumzia pesa kwa uwazi, tena wanaofanya kazi moja na kulipwa kwa utaratibu mmoja, wana kitu ambacho wateja wangu wengi hawana. Umeuliza kuhusu kitabu na kuhusu mkopo. Kwangu hilo ni swali moja, na nitakuonyesha kwa nini.

Hofu yako, kama nimekuelewa, ni kwamba waandishi hawa hawawezi wote kuwa sahihi, kwa hiyo lazima kuna mmoja anayewapotosha. Si hivyo. Kila mmoja alimwandikia msomaji wa mahali pake, mwenye mshahara wa namna fulani, sheria za namna fulani na benki za namna fulani. Ushauri unaondoka na kitabu, lakini mazingira yake yanabaki kule kilikoandikwa. Mkisoma ushauri bila kuuliza ulitolewa kwa nani, hata ushauri mzuri unaweza kuwaumiza.

Chukua hiyo sehemu ya kumi. Nadhani mliisoma katika *The Richest Man in Babylon* cha George Clason, cha mwaka 1926. Hadithi zile zilianza kama vijitabu vidogo, na waliovigawa kwa wingi kwa wateja wao ni benki na kampuni za bima za Marekani. Sisemi hivyo ili mkidharau. Wazo la kujilipa mwenyewe kwanza, kabla ya muuza duka na kabla ya mwenye nyumba, ni zuri na nimeona likibadilisha maisha ya watu. Lakini aliyekigawa kitabu alikuwa na faida ukiweka akiba kwake, na hilo ni jambo la msomaji kulijua kwenye kitabu chochote: nani anapata nini nikifuata maneno haya?

Sasa angalia hesabu yako. Wewe ni mtumishi wa umma, kwa hiyo asilimia 5 ya mshahara wako tayari inakwenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na mwajiri anaongeza asilimia 15. Bodi ya mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Msomaji wa mwaka 1926 hakuwa na makato ya aina hiyo. Ukijilaumu kwamba huwezi kutenga elfu hamsini na tano juu ya hayo yote, unajionea. Anza na elfu ishirini, itoke siku ileile mshahara unapoingia. Kisha andika mahali utakapopaona: mwezi deni la bodi litakapoisha, ile asilimia 15 isirudi kwenye matumizi. Mwili umeshazoea kuishi bila hiyo pesa. Ihamishie kwenye akiba mwezi uleule, na utakuwa umeipita sehemu ya kumi ya Babeli bila kujinyima kipya.

Hilo la "deni zuri" ni gumu zaidi, na ndilo lililokusukuma kuniandikia. Limeenezwa sana na *Rich Dad Poor Dad* cha Robert Kiyosaki, kilichotoka mwaka 1997. Mchango wake wa kweli ni kumfundisha mtu wa kawaida kuuliza: kitu hiki kinaingiza pesa mfukoni mwangu au kinatoa? Ni swali zuri sana. Tatizo ni linapogeuzwa kuwa ruhusa ya kukopa. Mmarekani anayekopa kununua nyumba ya kupangisha anaweza kupata mkopo wa miaka 30, riba ileile tangu mwanzo hadi mwisho, na sheria ya kodi ikampunguzia mzigo kwa ajili ya riba anayolipa. Wewe una fomu ya miezi 24. Maneno ni yaleyale, lakini mkopo ni mwingine kabisa.

Deni halina uzuri wala ubaya wa kuzaliwa nao. Mimi naangalia mambo matatu: gharama yake halisi, muda wa kulipa ukilinganishwa na muda wa mradi kuanza kuzaa, na nani anabeba hasara mradi ukifa. Tuyapitie kwenye fomu yako.

Fomu inasema asilimia 18 kwa mwaka. Haisemi, au angalau hukuniambia, riba hiyo inahesabiwa juu ya nini. Kuna njia mbili. Njia ya kwanza, riba inatozwa kwenye salio: unavyolipa, deni linapungua, na riba ya mwezi unaofuata inapungua nayo. Kwa milioni tatu, miezi 24, utalipa takribani Sh149,800 kila mwezi, na riba yote itafika kama Sh594,500. Njia ya pili, riba inatozwa kwenye milioni tatu nzima tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, kana kwamba hujawahi kurejesha hata shilingi. Hapo riba ni Sh1,080,000 na rejesho ni Sh170,000 kwa mwezi. Maafisa mikopo wengi huiita kwa Kiingereza "flat", na mteja husaini bila kuuliza maana yake.

Tazama kinachotokea ndani ya njia hii ya pili. Kila mwezi Sh125,000 zinapunguza deni lenyewe na Sh45,000 ni riba. Mwezi wa kwanza unadaiwa milioni tatu, kwa hiyo elfu arobaini na tano ni asilimia moja na nusu ya unachodaiwa, ni haki. Mwezi wa kumi na tatu umesharejesha nusu ya mkopo, lakini riba ni ileile Sh45,000. Mwezi wa mwisho unadaiwa Sh125,000 tu, na bado unatozwa Sh45,000. Hiyo ni asilimia 36 ya salio lako, kwa mwezi mmoja! Ukiupima mkopo mzima kwa kipimo cha salio, ile 18 iliyoandikwa kwenye fomu inakuwa zaidi kidogo ya asilimia 31 kwa mwaka. Hakuna aliyekudanganya kwa neno lolote. Karatasi tu haikusomwa mpaka mwisho.

Ongeza na yanayokatwa kabla hujaiona pesa: ada ya kushughulikia mkopo, bima ya mkopo, wakati mwingine akiba ya lazima. Wakikata asilimia 3, utapokea Sh2,910,000 mkononi, lakini riba na marejesho vitahesabiwa juu ya milioni tatu. Kwa hiyo usimuulize afisa mikopo "riba ni asilimia ngapi?" Muulize: nitapokea shilingi ngapi mkononi, nitalipa shilingi ngapi kila mwezi, kwa miezi mingapi, na nikitaka kumaliza mapema nitadaiwa kiasi gani? Akikujibu hayo manne kwa maandishi unaweza kulinganisha mkopo wowote na mwingine, wa benki, wa SACCOS au wa kikoba.

Kuhusu muda: rejesho la kwanza litakatwa mwezi ujao. Kuku wa nyama wanahitaji kama wiki tano hadi sita kufika sokoni, kuku chotara wanahitaji miezi kadhaa, na kabla ya kununua vifaranga kuna banda, vyombo, taa na chakula. Chakula ndicho kinachomeza mtaji, si vifaranga. Maana yake marejesho ya miezi ya mwanzo, na pengine mengi zaidi, yatatoka kwenye mshahara wako. Kama ni Sh170,000, hiyo ni karibu theluthi ya laki tano na nusu uliyobaki nayo. Na kideri, ugonjwa unaoua kuku kwa wingi, kikipita bandani usiku mmoja, hasara ni yako yote; mkopeshaji ana dhamana ya mshahara wako. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: kama kuku wote wakifa mwezi wa pili, naweza kulipa mkopo huu kwa mshahara wangu kwa miezi 22 iliyobaki bila kukopa kwingine? Kama jibu ni hapana, mkopo huu haukufai kwa sasa, hata mradi uwe mzuri namna gani. Ningekushauri uanze na vifaranga wachache kwa akiba ya miezi michache, ujifunze chanjo, lishe na wateja, ndipo ukope kwa kukuza kitu unachokijua. Itachukua muda mrefu zaidi, hilo nakubali. Na kama utakopa, uliza kwanza SACCOS ya walimu inatoza kwa njia ipi.

Kuna kanuni inayowalinda watumishi wa umma: makato yote yasikuache na chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi. Wengi huielewa vibaya, wakadhani theluthi mbili ni pesa ya kukopea. Theluthi ni ukuta wa mwisho. Kwa mwenye watoto wa shule na wazazi kijijini, maisha huwa yameharibika kitambo kabla ya kuufikia. Tena kanuni hiyo inafanya kazi kwa makato ya mshahara peke yake. Mikopo ya kausha damu, ile ambayo mtu anaacha kadi ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji, haiioni.

Vitabu vingine nitavipitia haraka. Vile vinavyosifu mifuko inayofuata soko zima la hisa vina hoja nzito: msimamizi anayechagua hisa mara nyingi halishindi soko, na ada zake zinakula faida ya mteja kila mwaka. John Bogle alianzisha mfuko wa namna hiyo kwa watu wa kawaida Marekani mwaka 1976 na historia imempa haki. Lakini soko la Marekani lina maelfu ya kampuni. Soko letu la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, lina orodha fupi ambamo kampuni chache kubwa ndizo zinazobeba uzito. Chukueni hoja ya ada, inafaa popote. Hoja ya kwamba soko zima linakutawanyia hatari, ipokeeni kwa kiasi.

Sasa, zamu yako. Kama ningekuwa naingia kwenye kikao chenu ningebeba vitu viwili, na kimoja wala si kitabu.

Cha kwanza ni *The Poor and Their Money* cha Stuart Rutherford, kijitabu chembamba cha mwaka 2000. Huyu bwana aliishi Bangladesh miaka mingi, na mwaka 1996 alianzisha huko Dhaka taasisi ya akiba na mikopo kwa watu wa mitaa ya hali ya chini. Haahidi utajiri. Anaeleza jambo moja tu, na analieleza vizuri kuliko yeyote niliyemsoma: maisha yanatudai mafungu makubwa ya pesa, ya ada, ugonjwa, msiba, harusi, bati za nyumba, wakati kipato chetu kinakuja kwa vipande vidogo. Kugeuza vipande kuwa fungu kuna njia tatu. Unaweza kuweka kwanza, ukachukua fungu mwishoni. Hiyo ni akiba. Unaweza kuchukua fungu kwanza, ukarudisha vipande baadaye. Huo ni mkopo. Au unaendelea kuweka vipande na fungu linakujia katikati, kama mnavyofanya kwenye upatu na kwenye kikoba. Vipande ni vilevile. Kinachobadilika ni lini unalipata fungu, na unalipia kiasi gani kulipata wakati huo.

Mkiielewa hiyo, ugomvi wa "deni sumu" na "deni zuri" unapungua sana, maana akiba na mkopo mtaviona kama njia mbili za kufika fungu moja. Humo pia kuna habari ya mama mmoja wa mji wa Vijayawada, India, aliyekuwa akizunguka kukusanya akiba za majirani. Mteja anaweka rupia 5 mara 220, jumla 1,100, na mwisho anarudishiwa 1,000. Analipia kuweka akiba! Msomaji wa haraka atawacheka wale kina mama. Ila walijua pesa ikikaa ndani haifiki mwisho wa wiki, na walikuwa tayari kulipa ili mtu aje mlangoni kuichukua. Nadhani mjadala wenu utawaka hapo, kwa sababu kila mmoja wenu ana njia yake ya kuificha pesa isiguswe. Kitabu kiko kwa Kiingereza, kwa hiyo gawaneni sura, kila mmoja aeleze yake kwa Kiswahili.

Cha pili ni karatasi zenu wenyewe. Chukua ile fomu ya mkopo, futa jina lako, namba ya akaunti na cheki namba ya mshahara, toa nakala saba, muisome mstari kwa mstari mkiwa na kikokotoo. Mwezi unaofuata someni masharti ya SACCOS yenu pamoja na taarifa yake ya mwisho ya ukaguzi. Kama ninyi ni wanachama, ni mali yenu, mna haki ya kuiomba. Tafuteni mikopo isiyolipika ni kiasi gani, na mwanachama anayetaka kujitoa anasubiri muda gani kupata fedha zake. Baadaye leteni waraka wa mfuko mmojawapo wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, muone ada, sera ya uwekezaji na masharti ya kuuza vipande, yaani sehemu mnazomiliki ndani ya mfuko. Hapo mtagundua jambo ambalo hakuna kitabu cha Marekani kitawaambia: amana ya benki nchini inalindwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi Sh7,500,000 kwa mteja katika benki moja, kiwango kilichopandishwa mwaka 2023 kutoka Sh1,500,000. Vipande vya mfuko havina kinga hiyo, kwa sababu ni uwekezaji. SACCOS nayo haimo. Hiyo haimaanishi ni mahali pabaya pa kuweka pesa. Inamaanisha mjue hatari iko wapi.

Najua karatasi hizi hazina hadithi, na mtu wa tatu ataanza kupiga miayo. Vitabu vya simulizi vina kazi yake: vinatia moyo, na moyo unahitajika. Endeleeni navyo, ila visiwe peke yake. Mwezi mmoja kitabu, mwezi mmoja karatasi, ni mpango ambao kikundi cha watu wenye kazi kinaweza kuudumisha.

Jambo moja zaidi nalisema kwa msisitizo. Kikundi cha watu wanaoaminiana na wanaozungumzia pesa ni shamba zuri kwa matapeli. Siku moja mmoja wenu, kwa nia njema kabisa, ataleta "fursa" badala ya kitabu. Wakubwa wanaikumbuka DECI ya mwaka 2009, watu walivyoambiwa wapande mbegu wavune, na waliovuna wa mwanzo walikuwa wakilipwa kwa pesa za waliopanda baada yao. Mfumo wa namna hiyo lazima uanguke, kwa kuwa waingiaji wapya huisha. Wekeni kanuni tangu sasa kwamba kwenye kikao hakuna anayeuza wala kusajili mtu. Anayetaka kumkopesha mwenzake au kumwingiza kwenye mradi afanye nje ya kikao.

Kuna mambo ambayo kitabu hakiyatoshi, wala barua yangu. Kama mwenzenu wa bodaboda ameanza kukopa huku alipie kule, asisubiri kikao kijacho: aende kwa mkopeshaji aombe kupangiwa upya marejesho kabla hajaanza kuchelewa, maana akishachelewa nguvu ya kuzungumza inapungua. Kama mkopeshaji ameshika kadi ya benki ya mtu, au haonekani kwenye orodha ya waliopewa leseni na Benki Kuu, aandike malalamiko kwa mkopeshaji, na asipojibiwa ayapeleke Benki Kuu. Tawi lililo karibu nanyi liko Dodoma. Mambo ya SACCOS, afisa ushirika wa halmashauri ndiye mlango wa kwanza. Salio la bodi ya mikopo lisiloeleweka, nenda na hati zako za mshahara ofisini kwao, usimtumie mtu. Na kama dhamana inayotakiwa ni nyumba mnayoishi na mwenza, sheria inataka ridhaa yake. Yeyote anayekwambia saini tu, atajua baadaye, ondoka hapo, kamwone mwanasheria au msaidizi wa kisheria.

Kwa wiki hii fanya moja tu: rudi kwa afisa mikopo bila kalamu ya kusaini, umwombe ratiba ya marejesho ya miezi yote 24. Ukiiona riba haibadiliki kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, umeshajua ni njia ya pili. Ukitaka tuisome pamoja, nitumie nakala ikiwa imefutwa jina na namba za akaunti.